Maneno ya Rubani Katika Sehemu ya Nne

Mguu wa Radi uliposhuka juu ya Mzee wa Spana, Mama Vocha alipiga ukelele, na kinyozi akavua kofia yake akairusha kwenye televisheni. Kofia iligonga kioo ikaanguka. Pale mzee alipokuwa amesimama akipunga kitambaa chake cha kufutia mikono, palibaki vumbi tu.

"Amemkanyaga! Jamani, si amemkanyaga huyu!"

"Anaota," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. "Subirini. Rubani anaota, ataamka sasa hivi."

Hakuamka. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwenye kioo, na muziki uleule ambao watoto huuimba wakienda shule ukapigwa kama vile hakuna lililotokea.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Kazi yangu ni kuisemea katuni hiyo. Hutoka kila wiki kwa Kijapani, na chini yake kuna maandishi ya Kiingereza. Kiingereza nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, dawati moja na watu wa umri wa wanangu. Kila Jumamosi huitazama peke yangu katika chumba changu cha kushonea, nasimamisha picha kila baada ya sentensi, naandika Kiswahili chake kwenye daftari. Jumapili alasiri tunakutana kwenye karakana ya Fundi, anayechomelea mageti na madirisha. Tunapunguza sauti ya televisheni, nami nasoma nilichoandika. Nasema sauti zote: rubani, jemadari, mama yake rubani, hata king'ora. Ndiyo maana wananiita Dada Sauti.

Wiki hiyo umeme ulikatika Jumamosi nzima, sikuandika kitu. Nilikuwa nasoma moja kwa moja kutoka kwenye kioo, kwa hiyo niliyaona yale pamoja nao. Sentensi ya mwisho ya rubani, kabla hajashusha mguu, sikuisema.

Kwa asiyeijua katuni yetu, inaitwa Majitu ya Ngome ya Mwisho. Kuna majitu ya chuma marefu kama minara, na vijana wanayaendesha wakiwa wamekaa ndani ya kifua. Radi ni jitu la rubani wetu, na Mzee wa Spana ndiye anayelitengeneza. Mwanzoni kabisa mzee alifunga goti la jitu jingine kwa uzembe. Goti likakatika vitani, na kaka yake rubani akafia humo ndani. Katika sehemu ya nne rubani anamkuta mzee peke yake chini ya Radi, amepiga magoti. Anamtazama kwa muda mrefu. Halafu anasema, "Nimekusamehe. Simama utengeneze."

Hivyo ndivyo nilivyosoma siku ile. Wanaume wazima walikuwa wanajifuta macho kwa kisingizio cha moshi wa kuchomelea.

Kesho yake asubuhi Fundi alifunga karakana, akaenda kumfuata mdogo wake. Ndugu hao walikuwa hawajasemeshana kwa miaka sita. Mdogo, ambaye sote tunamwita Cheche, aliwahi kuwasha mashine ya kukatia vyuma bila kutazama, na mkono wa kushoto wa kaka yake ukabaki na vidole vitatu. Fundi aliponiletea suruali zake za kazi nizitie viraka, aliniambia, "Yule kijana wa katuni amenishinda. Amefiwa na kaka, akasema neno moja yakaisha. Mimi vidole viwili tu." Tangu hapo Cheche anafanya kazi pale, na Jumapili hukaa benchi la mbele, karibu na kaka yake.

Siku hiyo pia alikuwa benchi la mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu.

"Wametuona mabwege!" Kinyozi alikuwa amepanda juu ya benchi. "Sehemu ishirini na tatu nawafuata hawa watu! Nafunga duka mapema, wateja wanaondoka na kichwa nusu, kwa ajili ya upuuzi huu?"

"Nusu kichwa ni kawaida yako hata bila katuni," akasema mtu.

"Nyamaza! Leo sicheki na mtu!"

"Kinachoniuma mimi," akasema Mama Vocha, anayeuza vocha za simu pale nje, "ni kwamba alishamsamehe. Angekuwa hajamsamehe, ningesema sawa, ana uchungu wake. Lakini alimsamehe mchana kweupe! Mzee wa watu anakuja na kitambaa, anafurahi vita vimeisha, anajua ana mtoto pale juu. Halafu puu! Waliotunga hii wana akili timamu?"

"Walikosa la kuandika."

"Wafukuzwe!"

Fundi alisimama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini kuliko za wote, lakini walimsikia.

"Mtu akishasamehe hawezi kufanya hivi. Akifanya, basi hakuna kusamehe. Basi tunadanganyana." Alikitazama kioo kilichozimika. "Niambieni, mtu atakaa vipi na mwenzake, ale naye, ampe nyundo mkononi, kama huyo mwenzake siku yoyote anaweza kuinua mguu?"

Cheche hakuinua kichwa.

"Tuwaandikie!" Mama Vocha alitoa simu yake. "Wana mahali pa kuandikia maoni, mwanangu alinionyesha. Tuwaandikie Kiingereza wakasome. Dada Sauti si yupo? Njoo hapa, dada. Sisi tunasema, wewe unaandika."

Nikawekewa kiti. Nikapewa simu. Wakanizunguka watu kama thelathini, wote wananipumulia shingoni.

"Andika: Sisi watazamaji wenu tumechukizwa."

Nikaandika.

"Andika: Mmetuchezea shere."

"Hiyo kwa Kiingereza sijui."

"Andika mmetufanya wajinga, watakuelewa."

Nikaandika. Fundi alipita katikati ya watu, akaja kusimama mbele yangu.

"Sasa andika la maana. Andika hivi: Katika sehemu ya nne rubani alisema kwa mdomo wake, Nimekusamehe. Ni ninyi wenyewe mliomtunga. Je, mlitudanganya siku ile au mmetudanganya leo?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kioo cha simu, na hakikushuka.

"Andika, dada."

Nilimwomba Mungu wakati ule, kwa moyo tu, midomo imefunga. Sikumwomba aniokoe. Nilimwomba sauti yangu isitetemeke. Dua haikunisaidia, maana ilitetemeka.

"Hakusema," nikasema.

"Nani hakusema?"

"Rubani. Katika sehemu ya nne. Hakusema amemsamehe. Niliweka mimi."

Mama Vocha alicheka kidogo, akidhani natania. Halafu akaniangalia usoni, akaacha.

"Umeweka wewe nini?" akauliza kinyozi.

"Maneno. Maandishi yalisema mengine. Nilikaa nayo Jumamosi ile mpaka jioni, nikashindwa kuyaweka kwenye kinywa cha kijana yule. Nilikuwa nimemwombea."

"Umemwombea mtu wa katuni?"

"Nimemwombea, ndiyo. Tangu kaka yake alipokufa. Nikaona nikimsemesha yale maneno nitakuwa namlaani. Nikaandika mengine, nikajiambia watunzi watafika hukohuko mbele ya safari, na langu litageuka kuwa kweli. Wiki kumi na tisa nasubiri wafike. Na leo niliposoma..."

Zikalipuka kelele ambazo sijawahi kusikia katika karakana ile, na humo hukatwa vyuma kila siku.

"Kumbe mwenye kutuchezea shere tunaye hapahapa!" Kinyozi aliruka kutoka juu ya benchi. "Tunawatukana Wajapani wa watu, wanaotutengenezea kazi nzuri, kumbe mchawi wetu amekalia kiti!"

"Na mengine umebadilisha mangapi?" Mama Vocha aliipokonya simu yake. "Yule jemadari kweli alimpenda yule nesi? Au ni wewe na maombi yako?"

"Alimpenda. Hiyo ni kweli."

"Tutajuaje?"

Kweli wangejuaje?

Fundi aliinua ule mkono wa vidole vitatu, na watu wakanyamaza.

"Alisema nini?"

"Fundi..."

"Sitaki Fundi. Alisema nini rubani?"

Nikamwambia. "Alisema: Simama utengeneze. Nakuhitaji mpaka vita viishe. Siku vitakapoisha nitakukanyaga kwa mguu huuhuu unaoutengeneza."

Niliona jinsi kila mmoja alivyokuwa anarudi nyuma kichwani mwake, sehemu kwa sehemu. Zile siku zote rubani alipomtazama mzee bila kusema, sisi tuliita heshima. Zile siku zote alipomwambia fanya haraka, tulidhani anamtania.

Cheche aliinuka. Alikuwa na glavu zake za kazi mfukoni, akazitoa, akaziweka juu ya benchi moja juu ya nyingine.

"Basi, kaka," akasema.

"Basi nini?"

"Ulinifuata kwa sababu ya maneno yale. Ulinieleza mwenyewe mlangoni kwangu, hata sikujua unaongelea katuni. Maneno yenyewe kumbe hayakuwepo. Sitaki kukaa hapa natazama mguu wako kila siku. Nimeshakaa hivyo miaka sita."

"Kaa chini."

"Kaka, sina ugomvi..."

"Kaa chini, nimesema!" Fundi alilipiga benchi teke, glavu zikaanguka. "Huyu mwanamke alinibeba mgongoni kunileta kwako? Mimi ndiye niliyefunga karakana. Mimi nilitembea, mimi nikabisha hodi, moyo unanipiga kama mwizi. Ulipofungua, nani alisema? Katuni ilisema? Nilisema mimi, kwa Kiswahili, na hakuna aliyenitafsiria. Nina hasira na wewe mpaka leo, unajua hilo? Ukichelewa kazini nina hasira. Ukikohoa nina hasira. Na mguu sijauinua! Kaa!"

Cheche alikaa. Alikaa kama mzigo uliokatwa kamba.

Fundi akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa bado vilevile, hasira haikupungua hata chembe. Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti pale sakafuni, penye vipande vya chuma. Sikujali.

"Naomba mnisamehe," nikasema. "Nimewadanganya ninyi, na nimeisaliti kazi niliyopewa."

"Inuka, dada yetu," akasema Mama Vocha, sauti imelainika. "Binadamu hukosea. Tumekusa..."

"Usinisemee!" Fundi alimkata kwa sauti iliyotikisa mabati ya ukutani. "Humu ndani leo hakuna atakayenisemea tena! Anayetaka kumsamehe amsamehe kwa kinywa chake. Mimi bado." Akaniinamia. "Umenielewa? Bado. Siku nikiwa tayari utasikia kwangu, na maneno nitayachagua mimi. Labda itakuwa kesho, labda mwakani. Labda hutasikia. Na usiniombee niwe tayari."

"Nimekuelewa."

"Inuka. Unaumiza magoti bure."

Niliinuka. Nilidhani ataniambia niondoke, na nilikuwa nimeshageukia mlango, lakini alikuwa anahangaika na rimoti, anabonyeza kwa kidole gumba mpaka orodha ya sehemu zote ikatokea kwenye kioo. Alirudi nyuma mpaka sehemu ya nne.

"Soma," akasema. "Kama ilivyo."

Ikaja ile picha. Radi amesimama gizani, maji yanamtiririka. Mzee amepiga magoti. Rubani anashuka ngazi polepole, na chini ya uso wake maandishi yakatokea, meupe, yaleyale niliyoyaficha. Nikayasema. Sauti yangu ilikwaruza kwenye neno la mwisho.

Kinyozi akanung'unika kwamba ndiyo maana siku ile rubani alikuwa amekunja ngumi, yeye aliiona na akaulizia, wakamwambia ni baridi.

"Rudia," akasema Fundi.

Nikarudia.

"Sasa sehemu ya tano. Halafu ya sita. Mpaka ya leo."

"Fundi," akasema Mama Vocha, "hizo ni karibu ishirini. Watu wana kwao."

"Mwenye kwao aende."

Hakuna aliyeinuka. Cheche aliokota glavu zake, akazifanya mto, akaegemea ukuta. Fundi alibaki amesimama, mikono amefunga kifuani, hatazami kioo, ananitazama mimi mdomoni.