Sebule ya Kijani cha Zeituni

Haraka haraka haina baraka, na mimi nina haraka tangu tumboni mwa mama. Mama mkwe alikuwa anahamia kwetu, nikataka sebule impokee kwa heshima. Nikachagua kijani cha zeituni, kile kilichokolea, nikaita fundi rangi. Kuta zote nne zikapigwa rangi mara mbili. Nilitaka na milango ipakwe, na fremu zake, mpaka vifuniko vya swichi. Kopo likaisha. Fundi akaviacha vyote vyeupe vilevile, akaondoka na ngazi yake begani. Nilinuna siku nzima.

Jumamosi asubuhi wifi yangu, aliyekuwa safarini tangu jana yake, alikuja kukagua. Alisimama mlangoni, akashika kiuno.

"Wifi, umetuletea msitu ndani?"

"Msitu gani? Hii ndiyo rangi ya kisasa."

"Ya kisasa kwa mwenye macho. Mama anaona ukungu mtupu. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Mimi niliyempeleka kliniki ya macho mara tatu! Nilipojaribisha rangi ukutani, niliitazama kwa macho yangu tu. Wifi hakuzunguka mbuyu: mama asipoweza kutembea humu peke yake, atamchukua akaishi naye, huko kwao safari ya siku nzima. Na mimi nilimtaka mama huyu. Nilipomzika mama yangu mzazi, yeye ndiye aliyenifanya nikacheka tena.

Mchana mume wangu akamleta. Nikamshika mkono nimwongoze, akautoa.

"Niache, mwanangu. Sijawa mzigo bado."

Wifi alikunja mikono kifuani, akasubiri. Mama akasimama katikati ya sebule, akageuza kichwa polepole upande huu na ule, kisha akaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba chake. Hakupapasa ukuta hata mara moja. Akarudi, akaifuata swichi, akawasha taa, akazima, akawasha tena.

"Nani kawaambia?" akauliza.

"Katuambia nini, mama?"

"Kule kwangu kuta nyeupe, milango myeupe, kila kitu maziwa. Naenda chooni kwa kupapasa kama mwizi! Hapa milango naiona. Ule pale, na ule kule."

Nikaketi kwenye kochi. Ulimi ulikuwa unaniwasha niseme kwamba nilipanga yote, lakini mume wangu alishaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Rangi iliisha, mama," nikasema. "Nilitaka kupaka na milango."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ulitaka kunifungia humu ndani!"

Mume wangu naye akacheka. Wifi hakucheka. Alitoka nje, akafungua buti la gari lake, akatoa begi la mama. Alikuwa ameshalihamishia humo kutoka gari la mume wangu bila kutuambia. Alipita nalo mbele yetu, akalipeleka chumbani, tukamsikia akifungua kabati na kuanza kupanga nguo. Hapo ndipo nilipolia kwa furaha, kamasi na machozi, na sikujali nani ananitazama.