Siku ya Ishirini na Mbili

Kifuniko cha sufuria ya maji matupu kilitetemeka gizani, tik, tik, kabla hakujapambazuka. Nilimwamsha Bénie, mtoto wangu wa miaka minne. Jirani anayemlinda alikuwa ameenda shamba, kwa hiyo leo tungekwenda wote kazini.

Jana nilitimiza siku ishirini na moja kwenye depo ya kakao, hapa Beni. Kapita Éphraïm, msimamizi wetu, hamwachi mtu afikishe ishirini na mbili. Sheria inasema kibarua akizifikisha ndani ya miezi miwili, amekuwa mfanyakazi wa kudumu, hafukuzwi ovyo. Basi kapita anatutoa mapema, halafu anatupokea kwa majina mengine, tuanze moja. Nimeshakuwa Mapenzi, nimeshakuwa Nadège. Mara nyingine nawaota, wanawake wawili walioishi siku ishirini na moja kila mmoja. Safari hii nilijiandikisha kwa jina langu.

“Kesho ukuye kama mutu mwingine,” kapita aliniambia jana. “Batu bote banafanyaka vile.”

Njiani tulikutana na Rébecca, ninayechambua naye mbegu.

“Ile sheria yako ya masomo ya jioni inatupenda sana, Mama Bénie,” alinitania. “Inatupenda mpaka tunafukuzwa.”

“Mwalimu alisema kuna inchi kwenye patron wa kazi anaweza kukutoa mbio, lakini serikali inakulisha wakati unatafuta kazi ingine. Basi yeye haogopi kukuandika, na weye hauogopi kuanguka,” nilimjibu.

“Na kule banalimaka kakao?”

“Hapana.”

“Basi chukua jina ya dada yako, twende.”

Niliiona nchi hiyo ndani ya ukungu uliokuwa na harufu ya kakao iliyochacha: mwanamke ameachishwa kazi asubuhi, na bado anakunywa chai yake polepole, mpaka majani ya chini.

Deponi, kapita alikuwa mezani, daftari wazi.

“Jina?”

Langu lilikuwa mdomoni, zito. Likitoka, ama anaandika siku ya ishirini na mbili, ama narudi kwenye sufuria isiyo na kitu. La dada yangu lilikuwa jepesi, lilishafika kwenye ulimi.

“Jina, mama,” akarudia, kalamu juu.

Bénie aliniangalia usoni, akangoja, akaona nimesahau jina langu. Akamgeukia kapita.

“Mama yangu anaitwa Kanyere.”