Povu Likiisha

Hofu ilimkaba Dzifa kabla hata hajashuka kwenye gari la zimamoto. Lori la petroli lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara ya Ashaiman, petroli inabubujika, na ndani ya kichwa cha lori dereva anapiga mayowe. Mumuni jina lake. Mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Jua la saa sita linachoma, harufu inakausha koo, na cheche moja tu ingewamaliza wote.

Dzifa, sajini wa kikosi, akashika mpira wa kunyunyizia povu. Mwenzake Lante, pande la mtu lenye maneno mengi, akabeba jeki na mtaimbo.

"Sista, nikiungua, usimwambie mke wangu nilikuwa natetemeka."

"Kafanye kazi, wewe!"

Lante akaingia kwa dereva.

Dawa ya povu waliyokuja nayo ilikuwa kidogo. Dzifa hakuielekeza kwenye petroli yenyewe, kwa kuwa ukiipiga kwa nguvu unaichokoza tu. Alilenga ubavu wa tangi, povu likateremka taratibu, likatambaa, likaifunika petroli kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Mvuke ukikosa pa kutokea, moto nao unakosa cha kushika.

Umati ukaanza yake. Watu wale! Zimamoto wakifika popote, hata kabla ya kushuka, wimbo ni huo huo: mmekuja bila maji.

"Leo wamekuja na sabuni!" mama mmoja akapaza sauti. "Mnafua nini, soksi?"

Wakaangua kicheko. Dzifa hakugeuka, na hilo ndilo kosa, maana nyuma yake Ofosu, muuza maji wa mtaa, alikuwa keshaleta gari lake la tangi. Mtu mwema Ofosu, hana hila hata chembe. Aliwaonea zimamoto huruma kwa kuchekwa, basi. Akawasha pampu, akavuta mpira.

"Kaeni pembeni, maji ndiyo haya!"

"Ofosu, usimwage! Ofosu!"

Maji yakatua. Povu likachanika, likasombwa hadi mtaroni, petroli ikabaki uchi inameremeta. Mvuke ukaifikia pampu iliyokuwa ikinguruma. Fuu! Moto ukalipuka, Ofosu akatupa mpira akatimua mbio, kandambili moja ikabaki. Moto haukumfuata. Ulishika njia ya kichwa cha lori.

Yesu wangu, Dzifa alisema moyoni. Lakini mikono ilikuwa inajua kazi. Akalirusha povu juu, likashuka kama manyunyu, akaufuata moto mpaka ukafa hatua chache tu kutoka kwa Lante. Mara mpira ukakohoa. Maji matupu yakaanza kutoka, akaufunga haraka. Dawa imekwisha. Gari la pili lilikuwa bado njiani kutoka Tema, na povu lililobaki lilikuwa linanyauka kwa joto, vitundu vinafunguka huku na huku. Nyasi za mtaroni zilikuwa bado zinafuka moshi.

"Lante, toka!"

"Bado kidogo!"

"Toka, mwache! Hiyo ni amri!"

Kisha sauti ya Mumuni, ya chini kabisa: "Madam, nakusikia. Mimi bado niko hai."

Lante hakutoka. Chuma kikalia, Mumuni akapiga yowe, Dzifa akasimama pale na mpira mtupu mkononi analia waziwazi mbele ya watu. Hakuna aliyecheka tena. Mwisho mgongo wa Lante ukatokea. Alikuwa anarudi kinyumenyume, amemshika dereva kwapani, hainui buti hata kidogo, anaziburura asilivunje povu. Vitundu vilikuwa vinazidi kupanuka pembeni yake. Hatimaye wakakanyaga lami kavu.

Mumuni alipolazwa kwenye machela, Dzifa akainama, akampa mkono.

"Pole, kaka. Umepona."

Mumuni akautazama mkono ule. Wake akauweka kifuani, akauacha hapo, akageuza uso upande wa Lante.

"Wewe, Mungu akubariki," akamwambia Lante.

Wakampakia. Lante akajifuta povu usoni.

"Usimjali, Sista. Ni maumivu tu."

"Si maumivu. Alinisikia." Dzifa akakaa chini barabarani, meno yanagongana kwenye joto lile. "Na mngekuwa bado mle ndani, Lante, ningesema vile vile."