Fundi Alipoingia Darasani

Kila asubuhi, wakishasali na kuimba, watoto wa chekechea ya kanisa walikuwa na saa nzima ya kucheza, na saa hiyo Mwalimu aliilinda kwa meno na kucha. Wazazi walinung'unika: watoto watajua lini kuandika? Yeye aliwajibu kwamba mikono ya mtoto hujifunza kwanza, kalamu baadaye, na kwamba anayetaka kumjua mwanawe akae kimya amwangalie akicheza.

Jumatatu hiyo alikaa kimya, akamwangalia Kidoti.

Kidoti alikuwa na miaka mitano, binti wa fundi seremala, mzee wa kanisa aliyetengeneza rafu, meza na kila kipande cha mbao walichochezea watoto wa darasa lile. Kwenye kona ya wanasesere, mtoto alimkamata mwanasesere shingoni, akamgongesha kichwa ukutani. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Kisha akamsogelea usoni.

"Lia polepole," akamwambia. "Majirani watasikia."

Halafu akampigisha magoti amwombe Mungu msamaha.

Mwalimu naye akapiga magoti, kama mgeni aliyefika kusalimia. "Hodi jamani. Mtoto wenu amefanya nini?"

"Kamwaga chai."

"Maskini. Na mama yake yuko wapi?"

"Yuko chini ya meza." Kidoti hakuinua macho. "Baba kampiga na mguu wa stuli. Hawezi kutoka."

Baadaye, Mwalimu alipomvua Kidoti aproni ya kuchorea, shati lilipanda kidogo, naye akaona michirizi ya mkanda mgongoni, mipya juu ya ya zamani.

Mama Mchungaji, msimamizi wa shule, alimsikiliza mlango ukiwa umefungwa. "Mzee wetu yule? Mwalimu, watoto wana mambo mengi ya kubuni."

"Mgongo haubuni, Mama."

"Basi niachie mimi. Tusikimbilie polisi, tutayamaliza kikanisa."

Mwalimu akampa siku mbili. Siku hizo mbili alikuja kuzijutia kuliko kitu kingine chochote maishani mwake.

Jumatano, katikati ya mchezo, mlango ulipigwa teke. Fundi aliingia na nyundo mkononi, shati la ibada limefungwa vifungo hadi kooni.

"Yuko wapi huyo anayefundisha watoto kuwachongea baba zao?"

Rafu ya kwanza aliivunja bila kumtazama mtu. Vibao vikaruka, kimoja kikampasua mtoto mmoja paji la uso. Darasa zima likalipuka kwa vilio.

"Panya!" Mwalimu alipiga kelele. "Panya, shimoni!"

Ulikuwa mchezo wao wa kila Ijumaa: wakisikia hivyo, wote hutambaa kama panya kupitia mlango mdogo wa kwenda jikoni. Watoto wakajitupa chini, wakatambaa, wengine wakicheka kwa kudhani ni mchezo kweli, wengine wameshajikojolea. Ni Kidoti peke yake aliyebaki, ameganda, na baba yake akamnyakua kwa nywele.

Mwalimu alijitupa katikati yao. Nyundo ikamshukia mkono wa kulia. Alisikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Pigo la pili lilimpata begani, akaanguka na mtoto, akamlalia. Fundi akampiga teke la mdomo. Mwalimu akatema jino, akaushika mguu ule kwa mkono mzima na kuung'ata hadi akaonja damu isiyo yake.

"Mwachie mwanangu, mbwa wewe!" Fundi akainua nyundo juu ya kichwa cha Mwalimu.

Haikushuka. Mkewe alikuwa amemfuata mbio tangu nyumbani, pekupeku, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Kwa miaka saba alikuwa akimwambia kila aliyeuliza kwamba aliteleza bafuni. Sasa aliokota ubao wa rafu iliyovunjika, akampiga mumewe nao kisogoni. Fundi alipogeuka kwa mshangao, mkewe akampiga usoni. Pua ikapasuka. Akampiga tena, na tena, hata mumewe alipokwisha kuanguka.

Mpishi, mama mmoja mpana asiyecheka ovyo, alitokea jikoni na birika. Alipoona vidole vya fundi vinatambaa kuitafuta nyundo, alivimwagia maji ya moto, kisha akamkalia fundi mgongoni kwa uzito wake wote.

"Jaribu kuinuka," akamwambia, "uone cha moto zaidi."

Ubao ulikuwa bado unapanda na kushuka.

"Mama Kidoti, basi," Mwalimu alisema, mdomo umejaa damu. "Basi, dada. Mtoto anaona."

Ndipo ulipoanguka.

Mama Mchungaji alikuja hospitalini siku ya pili, akasimama miguuni pa kitanda. "Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Nilimtajia na jina lako. Nilidhani atatubu."

"Ukawaambie polisi hivyo hivyo, neno kwa neno."

"Utanisamehe?"

"Sijui, Mama. Leo siwezi."

Alikwenda, akasema yote, na kwa sehemu kubwa ndiyo yaliyomfunga fundi miaka tisa. Nusu ya waumini waliacha kumsalimia Mwalimu, wakisema kavunja nyumba ya watu. Kidoti na mama yake walihamia kwa mama mkubwa, ng'ambo ya soko, na mama akapata kazi jikoni, chini ya Mpishi.

Kidoti aliporudi, aliendelea kuwapiga wanasesere wiki baada ya wiki. Mama yake akauliza kwa aibu, "Mbona humkatazi?"

"Mwache ayatoe, dada. Nipo hapa naye."

Mwalimu mwenyewe vidole vyake havikukunjika tena vizuri. Na fundi mwingine, mzee mpole, alipoletwa kutengeneza rafu, pigo la kwanza tu la nyundo lilimfanya Mwalimu atoke mbio hadi nyuma ya choo, akatapika. Aliporudi aliwakusanya watoto wote, akawapeleka uwanjani, wakacheza huko mpaka kazi ilipokwisha.