Mwanya wa Cheche

Jina la Cheche alibandikwa na mafundi wenzake siku aliposhika mashine ya kuchomelea kwa mara ya kwanza. Moto ukaruka, yeye akagoma kurudi nyuma. Alikuwa mwanamke wa viganja vipana, kovu dogo kidevuni, na mwanya kwenye meno ya mbele aliourithi kwa marehemu mama yake. "Mungu alipofika kwetu," mama alipenda kusema, "aliacha mlango wazi."

Binamu yake, mtoto wa Mama Mkubwa, alikuwa na studio ya picha mtaa wa pili. Ndiye aliyemfungulia ukurasa mtandaoni ili mageti yake yajulikane, akambandika pale na picha yake, kofia ya kuchomelea mkononi. Cheche, kazi zimemfika shingoni, hakupata hata wasaa wa kuitazama.

Asubuhi moja akaingia mteja karakanani.

"Dada, niitie fundi mwenyewe."

"Ndiye mimi. Karibu."

"Hapana, namtaka huyu." Akageuza simu.

Cheche akaona mwanamke wa pua nyembamba, kidevu laini kama yai, meno yamebanana kama punje za mahindi. Ila kofia ile ilikuwa yake.

"Huyo hayupo," alisema. "Na hajawahi kuwepo."

Mteja akaahidi kurudi. Hakurudi.

Cheche alikwenda studio na ovaroli lake vilevile, masizi mpaka masikioni. Wateja wachache walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri zamu.

"Dada, usinune," binamu alisema. "Ni programu tu, inasawazisha kidogo. Watu wamekupenda mno!"

"Wamempenda nani? Mteja wangu kanipita mlangoni kama nguzo ya umeme."

"Ndivyo mtandao unavyotaka. Kila mtu anafanya." Akamfungulia picha za wengine: muuguzi, msusi, mwalimu, bibi harusi. Kidevu kimoja, pua moja, utadhani wametoka tumbo moja.

Halafu ikapita picha ya mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Cheche alikitambua kitambaa kabla ya uso.

"Huyu si Mama Mkubwa?"

Binamu akataka kuipitisha haraka.

"Umemziba mwanya mama yako mwenyewe?"

"Hakulalamika."

"Umemwonyesha?"

Binamu akajifanya kukunja waya. Tangu wamzike mama yake Cheche, kicheko chake kilikuwa kimebaki mahali pamoja tu duniani: kinywani mwa dada yake, Mama Mkubwa.

"Futa yangu. Sasa hivi."

"Ukurasa utakufa, dada."

"Ufe. Bora ufe huo kuliko kunizika mimi ningali hai. Haya, piga nyingine."

"Basi jifute masizi."

"Masizi ndiyo kazi yangu. Piga!"

Akacheka kinywa wazi, mwanya wote nje. Picha ikapandishwa, na kabla ya jua kuzama wajuaji walikwishafika. Mmoja akaandika: "Fundi, jino la kati limekimbia?" Cheche akajibu mwenyewe: "Halijakimbia. Limempisha mwenzake apite."

Waliopenda walikuwa wachache, na kazi zilipungua kweli. Binamu hakuchoka kumkumbusha. Cheche hakusogea hata unywele.

Habari zikamfikia Mama Mkubwa. Akaja studio, Cheche nyuma yake, akasimama mbele ya mwanawe, mikono kiunoni.

"Niambie, baba. Nilikuzaa mimi, au wewe ndiye uliyenizaa, hata unichagulie uso?"

"Mama, wateja wanasikia."

"Wasikie! Nilipokunyonyesha nikikuchekea kwa mwanya huu, ulicheka nao. Leo unakuaibisha?" Akavuta kiti, akakaa mbele ya kamera. "Piga. Na ukinigusa hata kunyanzi, chakula chako utapika mwenyewe."

Binamu akapiga. Yule muuguzi, aliyekuja kuchukua picha zake, akanyanyuka. "Na mimi nirudishie pua yangu," alisema. "Baba yangu ameniuliza hii nimeitoa wapi."

Bibi harusi wa zile picha, aliyekuwa benchini, yeye alikataa katakata. "Mimi niache hivyohivyo. Naipenda."

Binamu akamtazama Cheche kwa jicho la ushindi.

"Mwache," Cheche alisema. "Uso ni wake, kauchagua mwenyewe. Wangu hukuniuliza."

Akaufungua mlango, akarudi karakanani.