Makofi Nyuma ya Safu

Hori lilikuwa la jiwe tupu, refu kama kitanda cha mtu mmoja, na lilikaa chini ya mteremko tangu enzi za farasi ambao hakuna aliyewakumbuka. Vuai alilitaka juu, karibu na bomba, limwekee maji ya mchicha na maboga ya msimu ujao. Kipande kile cha shamba, nje kidogo ya mji wa Harrow, huko ughaibuni, alikikodi mwaka aliostaafu kazi ya ofisini, na kila Jumamosi alikwenda huko na uchangamfu wa mtu anayekwenda kwao.

Jumamosi hiyo ya Novemba alikuja na watu wake. Msabaha, fundi wa mabasi mstaafu, alileta jeki kubwa na maneno mengi. Muhiddin alileta mgongo uliokwisha fanyiwa operesheni, na hakutaka kuambiwa abaki kwenye gari. Wa nne alikuwa Sundus, binti wa Vuai, aliyemaliza chuo mwaka uliopita na sasa akiwafundisha wagonjwa hospitalini kutembea upya.

Sundus alijua kuhamisha vizito, ingawa vyake vilikuwa na roho. Alifundishwa kwamba kabla hujamwinua mtu, uwe umeshajua utamweka wapi, na kwamba kizito hakiachwi njiani. Aliyashika haya kwa moyo wote. Tabu yake ilikuwa kuyasema mbele ya watu wazima.

Kazi ilikwenda vizuri. Msabaha aliinua upande mmoja kwa jeki, Muhiddin akasukuma mabomba ya chuma chini ya hori kwa fimbo, kisha Vuai akazungusha winchi iliyofungwa kwenye mti, na hori likapanda polepole juu ya mabomba kama mzee anayepanda ngazi. Walipofika nusu ya mteremko waya ukaisha. Wakalitegemeza hori kwa jeki na kabari moja, wakaufungua waya ili wauhamishie mti wa juu zaidi, na hapo ndipo Vuai alipotazama jua, akaliona limeshagusa mapaa ya nyumba.

"Alasiri inatutoka," alisema. "Tuswali kwanza."

"Baba, tutie kabari nyingine upande wa chini," alisema Sundus.

"Moja ipo," alijibu Msabaha. "Jiwe limekaa hapa miaka mia, mwanangu. Litashindwa kutungojea rakaa nne?"

"Limengojea farasi, litatungojea na sisi punda," alisema Muhiddin.

Wakacheka. Sundus naye akacheka, kwa kuwa ami Msabaha alikuwa akimchekesha tangu utoto, na kumbishia mtu wa namna hiyo kulionekana kama kumvunjia heshima. Akaenda bombani kutawadha.

Wazee, waliokuwa na udhu wao, walitafuta pahala pa sawa pa kutandika miswala. Katika mteremko wote palikuwapo mahali pamoja tu, penye majani mafupi, moja kwa moja upande wa chini wa hori. Kibla nacho kilielekea huko huko bondeni. Vuai akasimama mbele, wenzake nyuma yake, na wote watatu wakaligeuzia jiwe mgongo.

Sundus aliporudi, mikono ikimdondoka maji, aliiona jeki imeinama. Udongo chini yake ulikuwa umelowa, na jeki ilikuwa ikizama taratibu, bila sauti. Kabari ile moja ilikuwa imeanza kuteleza kwenye majani.

Mkono wake ulitaka kwenda kuishika. Akaukataza. Mkono wa mtu haulizuii jiwe.

Basi akafanya kile alichofundishwa madrasa: jambo likitokea ndani ya swala, mwanamume humzindua imamu kwa subhanallah, mwanamke kwa kofi. Akapiga makofi mawili.

Vuai alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwa rakaa ya tatu. Aliposikia makofi akadhani amekosea, amesahau kikao cha tahiyatu, akarudi kukaa. Wenzake wakakaa naye. Sasa walikuwa watatu chini, magoti yamekunjwa, na mabomba yakaanza kulia.

"Baba, tokeni! Jiwe linakuja! Kulia, kulia kwenu!"

Hakuwa amepata kumpigia baba yake ukelele maishani mwake. Vuai aliruka. Msabaha alimkumbata Muhiddin kiunoni, wakaanguka pembeni wote wawili. Jeki ikalala, hori likashuka juu ya mabomba yake, likapita, likasimama pale pa sawa, juu ya miswala.

Muhiddin alijipapasa mgongo, akatikisa kichwa kuwa yu mzima. Msabaha aliinama kuuvuta mswala wake uliochomoza ncha chini ya jiwe.

"Usitie mkono, ami," alisema Sundus. "Halijatulia bado."

Msabaha akaurudisha mkono wake, akaufutia kwenye suruali.

Vuai alimjia binti yake.

"Mbona ulianza na makofi?"

"Niliona haya kukukatizia swala, baba."

"Na kama ningekaa pale nikasoma tahiyatu yote?"

Machozi yalikuwa yameshamtoka Sundus, na yeye hakujua yalianza lini.

"Kosa si lako," alisema Vuai. "Uliniambia kabari, nikamwachia Msabaha akujibu. Hapo ndipo nilipokosea, si kwenye rakaa."

"Mimi nilijibu upuuzi," alisema Msabaha kwa sauti ndogo. "Hilo niandikie mimi."

Jua lilibakisha ukingo tu. Vuai alivua koti, akapanda nalo mpaka juu ya mteremko, mbali na hori na mbali na winchi. Wenzake wakamfuata, na Sundus nyuma yao. Hakulitandika mara moja. Aligeuka, koti likiwa mkononi.

"Hapa je?"

Sundus alitazama juu, akatazama chini, hakuharakisha. Wazee watatu wakamngojea.

"Hapa sawa, baba," alisema.

Ndipo akatandika.