Kidole cha Mkasi

Wizara ilituletea bwana mmoja wa kukaa kando yangu studioni. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe na kumkata kila msikilizaji anayepiga simu akiisema serikali. Tulimwita Mkasi. Alinikera huyo! Mtu akitaja bei ya sukari tu, kwisha, naachiwa muziki.

Jana akapiga mama mmoja, anawaka kwa hasira.

"Mabomba hayatoi hata tone, na waziri anatuambia maji yapo!"

Kidole cha Mkasi kikaelekea kwenye kitufe. Nikafumba macho.

"Na wewe uliyekaa hapo kutukata," mama akaendelea, "nikate uone. Nimekuzaa mwenyewe, na maji yako ya kuoga nayabeba mimi kichwani!"

Nilipofumbua macho, Mkasi alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili kama mtoto wa chekechea. Nikashusha pumzi niliyoibana tangu aletwe.

"Endelea, mama," nikasema.

Akaendelea. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, nikanyoosha mkono kwenye kitufe nimuage. Mkasi akanidaka.

"Mwache," akanong'ona. "La umeme bado hajalisema."